Kumkataza mtoto kupungapunga mikono hakumtulizi

Wengi wanaamini kwamba mtoto anayepungapunga mikono, kujiyumbisha au kurudia sauti ileile akikatazwa mapema ataacha, na hapo ndipo ataweza kusikiliza. Miaka ya 1960 huko Marekani, mwanasaikolojia Ole Ivar Lovaas alifikia hatua ya kutumia vibao na shoti za umeme kwa watoto wenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayobadili namna mtu anavyowasiliana na kuhisi mambo) ili waachane na tabia kama hizo.

Lakini kupungapunga na kujiyumbisha huko kuna kazi. Kelele zinapomzidi mtoto, mdundo mmoja anaoutawala mwenyewe humpunguzia mzigo. Kujiyumbisha huamsha kiungo cha kusawazisha mwili kilicho ndani ya sikio. Wengine hufanya hivyo kwa furaha tu, na wapo wasio na usonji kabisa. (Wewe unayetikisa mguu mkutanini, nani amekukataza?) Ukimwambia "mikono chini!" huenda akatii, ila sasa akili yote iko kwenye mikono, na hesabu uliyokuwa ukimfundisha imeshampita.

Tazama kwanza kilichotangulia. Taa inapepesa? Lebo ya shati inamkwaruza shingoni? Kata lebo, punguza sauti, mwache aendelee.

Pa kuingilia kati ni pale anapojiumiza, kwa mfano akijigonga kichwa au kujing'ata. Hata hapo usikimbilie kumshika kwa nguvu: weka mto, mtoe kwenye kelele, mpe kitu salama cha kutafuna. Tabia ikianza ghafla, au akiwa haitiki kabisa anapoitwa, mpeleke kwa daktari. Huenda ni sikio au jino linalouma, au kifafa.