Ukifunua paa hewa inaenda wapi? Maana ya ukinzani wa hewa na kani ya kuinua kwenye magari ya spoti

Watu wengi wakiona gari la spoti limefunuliwa paa wanadhani sasa ndo litakimbia zaidi, mana juu kumebaki wazi, hakuna kitu cha kuzuia upepo. Ni kinyume kabisa. Gari lilelile, injini ileile, dereva yuleyule, ukifunua paa tu injini inaanza kupata tabu zaidi kulisukuma, na ukiwa spidi kubwa hata mkao wa gari barabarani unabadilika. Kinachofanya yote hayo ni hewa, na hewa inafanya kazi mbili tofauti ambazo watu wanazichanganya kila siku: inakuvuta nyuma na inakunyanyua juu. Ya kwanza ni ukinzani wa hewa, wengine wanaiita dragi. Ya pili ni kani ya kuinua.

Zote mbili ulishawahi kuzishika kwa mkono wako mwenyewe. Uko kwenye basi la mkoani, dirisha wazi, linatembea kama 80, ukatoa kiganja nje kidogo (hakikisha kwanza hamna gari mnapishana nalo, sio masihara hayo) kiganja kimesimama kama unamsimamisha mtu. Unasikia kinasukumwa nyuma kwa nguvu. Huo ni ukinzani. Sasa kilaze kiganja kitazame chini, ghafla nguvu inapungua, mkono unakata hewa vizuri tu. Alafu nyanyua kidogo upande wa kidole gumba, kidogo sana, mkono wote unapaa wenyewe mpaka unashangaa. Hiyo ndo kani ya kuinua, na zingatia kwamba spidi ya basi haijabadilika na mkono ni uleule, kilichobadilika ni umbo ambalo hewa inakutana nalo.

Ukinzani wa gari unategemea vitu vinne: uzito wa hewa yenyewe, ukubwa wa gari ukilitazama kwa mbele, umbo lake, na spidi. Umbo linapewa namba, wanaiandika Cd, ikiwa ndogo maana yake hewa inapita bila vurugu nyingi. Spidi ndo mkorofi kuliko wote kwa sababu ukiizidisha mara mbili ukinzani unakuwa mara nne, na nguvu ya injini inayotakiwa kuushinda inakuwa mara nane.

Tuchukue gari linalojulikana, Mazda MX-5 ile ya kwanza kabisa iliyooneshwa Chicago mwaka 1989, kigari cha viti viwili, paa la turubai. Cd yake paa likiwa limefungwa inatajwa kuwa kama 0.38, ukifunua inapanda hadi kama 0.44. Unaweza kusema aah tofauti ya 0.06 ni kitu gani, basi tupige hesabu. Ukubwa wake kwa mbele ni kama mita za mraba 1.7, kwa hiyo kwenye 100 kwa saa, paa limefungwa, hewa inalivuta nyuma kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 30, likifunuliwa zinakuwa kama 35. Hapo hutasikia kitu. Nenda 200: kwenye 100 ilihitaji nguvu ya injini kama farasi 11 tu (farasi ni kipimo cha nguvu ya injini) kushinda hewa, sasa inahitaji kama 90, na paa likiwa wazi zaidi ya 100. Injini yenyewe ya cc 1600 ilikuwa na farasi kama 115, na hapo hujatoa zinazopotea kwenye gia na kwenye tairi. Kwa hiyo ukiwa na paa wazi unagota mapema, kanyaga mafuta unavyotaka, hewa imeshakula kila kitu.

Sasa kwa nini likiwa wazi ukinzani unaongezeka? Ifuate hewa kuanzia mbele. Inagonga pua ya gari, inapanda boneti, inapanda kioo cha mbele, inafika kwenye ukingo wa juu wa kioo. Kama paa lipo, hewa inalilalia paa, inateremka nalo taratibu mpaka kwenye buti na kuachana na gari kwa ustaarabu kiasi. Kama paa halipo, hewa inafika ukingoni pale na kukuta shimo. Haiwezi kukata kona ghafla kiasi kile, kwa hiyo inaruka, na chini yake panabaki pengo lenye mgandamizo mdogo ambalo linavuta hewa kutoka nyuma kuja kulijaza. Ndo maana kwenye gari la wazi nywele au mtandio wa abiria haupeperuki kwenda nyuma kama kwenye picha za matangazo, unakuja mbele, unakupiga usoni! Hewa inakuwa imezunguka nyuma ya viti na kurudi kwa kisogoni. Huo mzunguko wote unakula nguvu, na anayeulipia ni injini yako.

Ile wavu au kioo kidogo unachokiona kimesimama nyuma ya viti kinazuia hewa hiyo inayorudi. Mercedes mwaka 2010 kwenye E-Class ya kufunua paa waliweka kibao kinachonyanyuka juu ya ukingo wa kioo cha mbele, wakakiita Aircap, kinairusha hewa juu zaidi ipite juu ya vichwa vya watu wote wanne. Abiria wanatulia, lakini kibao chenyewe kinaongeza ukinzani, kwa hiyo utulivu huo unaununua kwa mafuta.

Mfano mzuri kuliko yote nnaoujua ni wa Cobra. Mwaka 1963 magari ya mashindano ya Cobra, yaliyotengenezwa na Mmarekani Carroll Shelby, yalikuwa ya wazi, mepesi, yana injini ya V8 ya nguvu, kwenye kona na kwenye kuondoka yalikuwa moto. Tatizo ni Le Mans, mbio za saa 24 kule Ufaransa, pale kuna mnyoofu mrefu sana wa Mulsanne, na Cobra ikifika karibu 250 kwa saa inagota, Ferrari GTO yenye paa inaipita. Hawakubadilisha injini. Kijana mmoja kwenye timu, Pete Brock, akachora bodi mpya yenye paa linaloteremka taratibu kwenda nyuma alafu mkia umekatwa wima, wakaivalisha kwenye chasisi ileile. Ndo Cobra Daytona Coupe, na kwenye mnyoofu ikapita 290. Zaidi ya kilomita 40 kwa saa zimepatikana kwa kubadilisha umbo peke yake! 1964 ikashinda daraja la GT Le Mans, mwaka uliofuata wakachukua ubingwa wa dunia wa magari ya GT.

Ila hapohapo ndo kani ya kuinua ikajitokeza. Brock alitaka spoila (kibati kinachosimama nyuma ya gari) kwenye mkia tangu mwanzo, haikuwekwa. Walipofika kwenye mbio za Spa, Ubelgiji, mwaka 1964, dereva wao Phil Hill akaendesha akarudi akasema gari nyuma linaelea, spidi kubwa halishiki njia. Mafundi wakakunja bati la aluminiamu wakalifunga kwenye mkia, Hill akarudi barabarani, gari likatulia.

Kwa nini nyuma ielee? Kwa sababu hewa inayopita juu ya mgongo wa gari uliopinda inakwenda kasi na mgandamizo wake unapungua, ya chini mgandamizo wake ni mkubwa zaidi, kwa hiyo gari linasukumwa juu. Ukitaka kuiona kwa macho, angalia gari la paa la turubai likiwa kwenye spidi kubwa. Turubai linatuna! Likiwa limesimama limelala vizuri kwenye vyuma vyake, likifika 130 au 140 linavimba kama tanga lililopata upepo, na hakuna mtu anayelisukuma kutoka ndani, ni mgandamizo wa juu yake umepungua.

Ubaya wa hii kani ni kwamba ukinzani unausikia, injini inalia na mafuta yanakwisha, ila kuinuliwa hukusikii. Gari linaonekana kwenda vizuri, kumbe tairi za nyuma zimepunguziwa uzito, na tairi isiyo na uzito haishiki lami. Unakuja kugundua siku unapohama njia ghafla. Audi TT ya kwanza, ile ya 1998, mgongo wake wa mviringo ulikuwa mzuri sana kwa macho, lakini kwenye barabara kuu za Ujerumani zikatokea ajali mbaya, watu wakafa, mpaka Audi kati ya 1999 na 2000 wakayaita magari yarudi kurekebishwa, ya paa gumu (coupe) na ya wazi, wakafunga spoila ndogo kwenye buti, wakarekebisha saspensheni, wakaweka ESP, mfumo wa kompyuta unaosaidia gari lisiteleze. Kile kibati kidogo cha nyuma wengi wanakiona ni urembo. Kazi yake ni kuipunguza kasi hewa pale kwenye buti ili mgandamizo urudi na nyuma ikae chini.

Kwenye gari la wazi spoila ina kazi ngumu zaidi, kwa sababu hewa inayoifikia imeshavurugwa na lile shimo la viti, haiji imenyooka. Porsche Boxster ya 1996 spoila yake imejificha kwenye mkia, inapanda yenyewe gari likifika 120 na hairudi ndani mpaka spidi ishuke hadi 80, ili isiwe inapanda na kushuka kila saa. Kwa hiyo ukiwa nyuma yake barabarani na ukaona kibao kimesimama, basi kama dereva hajakipandisha kwa swichi, jua alishavuka 120 na bado hajarudi 80.