Kunenepa Si Kunawiri

"Mashallah, Sista, dawa zimemkubali. Si wamuona alivyonawiri?"

Juma hili peke yake nimeyasikia maneno hayo mara tatu. Ya tatu yalitoka kwa mama aliyekuwa akimpapasa mwanawe bega kwa fahari. Kijana mwenyewe suruali ameifunga kwa kamba ya kiatu, kifungo hakifiki tundu. Olanzapini, dawa ya ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, ameianza wiki 9 zilizopita. Mzani wasema kilo 11 zaidi.

Mama, sauti zimenyamaza na mtoto analala usiku: huko ndiko kunawiri. Kilo ni habari nyingine. Olanzapini na mwenzake klozapini huziba vipokezi vya histamini na vya serotonini, yaani milango ya ubongo inayohusika na shibe. Kijana ameeleza vizuri kuliko mimi: "Nala mahamri sita na mbaazi, nikishanawa mkono naona kama sijala." Huo ulafi uko wapi hapo?

Kinachonichoma ni hizo pongezi. Uzito hupanda kwa kasi miezi ya mwanzo, na ndio wakati wa kuudhibiti. Mnapomsifu mpaka sukari na mafuta ya damu yapande, mwaniletea kazi mara mbili. Mzani kila wiki kwa wiki 6 za kwanza, kiuno kipimwe, damu ipimwe. Soda iondoke. Matembezi ya jioni kule ufukweni Mama Ngina ni mazuri, ila msiyamalizie kwenye viazi karai.

Halafu metformini. "Sista, hiyo si dawa ya sukari? Mwanangu hana sukari!" Ndiyo, na hapa twaitumia kwa uzito, figo zikiwa salama. Hupunguza kilo chache, kama tatu hivi kwa wastani. Asitarajie kurudi alivyokuwa.

Kubadilisha dawa ndiko hunikosesha usingizi. Aripiprazoli, dawa nyingine ya sauti hizo, haineneshi sana, lakini kuna anayebadilishiwa akatulia, na kuna anayerudiwa na sauti, nami siwezi kuwatambua mapema. Kuacha dawa kimyakimya nyumbani ni kubaya zaidi: wengi hurudi wakiwa wameshikwa mikono.

Mama akauliza basi mahamri mangapi. Nikamwambia mawili, na mbaazi ajaze bakuli. Habari ya tui sikuigusa. Hilo nimeliweka la wiki ijayo, nikiwa nimelala vizuri.