Usikimbilie paundi: kuchagua upinde wako wa kwanza wa rikavu

Wanaoanza mchezo huu wakinifuata, swali la kwanza huwa ni kampuni gani nzuri, na mimi nawarudishia swali: unaweza kuvuta uzito wa paundi ngapi ukazishikilia? Rikavu, yaani ule upinde ambao ncha zake zimejikunja kwenda mbele, ndo wa Olimpiki, ndo aliopiga nao Shehzana Anwar wa Kenya kule Rio 2016, na hauna magurudumu ya kukupunguzia mzigo kama ulionao ule upinde wa aina nyingine, kampaundi. Ukishavuta mpaka mwisho uzito wote uko kwenye vidole na mgongo wako, na hapohapo ndo unatakiwa utulie ulenge.

Kwa mtu mzima mimi nasema paundi 18 mpaka 24, watoto chini ya hapo. Najua vijana wa gym wanaona ni kidogo, ila kazi kubwa hapa inafanywa na misuli ya mgongoni katikati ya mabega, na wengi hawajawahi kuizoeza hivyo. Simama pembeni ya mtu aliyebeba upinde uliomzidi uone: bega la mkono ulioshika upinde linapanda pole pole kuelekea sikioni, kidevu kinaufuata ugwe, yaani kamba ya upinde, badala ya ugwe kuja kidevuni, ncha ya mshale inachezacheza, alafu anaachia fasta kabla hajalenga kwa sababu mwili unataka kutua mzigo. Akikaa hivyo miezi kadhaa mwili unazoea, na kuiondoa hiyo tabia ni ngumu kuliko kumfundisha mtu ambaye hajawahi kushika upinde kabisa. Na bega nalo linaumia. Raundi ya kufuzu ya mita 70 ni mishale 72, paundi 30 ni kama kilo 13 na nusu, sasa fikiria kuvuta hivyo mara 72 na bado hujahesabu mishale ya kupasha.

Kabla hujalipa, omba uujaribu. Vuta mpaka mwisho, hesabu taratibu hadi kumi, kisha rudisha ugwe pole pole. Usiachie ugwe bila mshale hata siku moja, nguvu yote inarudi kwenye upinde na unaweza kupasuka. Ukianza kutetemeka kabla ya kumi, huo sio wako, shuka paundi nne.

Alafu ile namba iliyoandikwa kwenye limbu, zile mbao mbili za juu na chini zinazopinda, sio lazima iwe ndo uzito utakaoushika. Imepimwa kwa mvuto, yaani urefu unaouvuta ugwe, wa inchi 28, na kila inchi unayopungukiwa inatoa kama paundi 2, ukizidi inaongeza hivyohivyo. Kujua mvuto wako nyoosha mikono yote miwili, mtu apime toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawanya kwa 2.5. Sentimita 170 inakupa 68, karibu inchi 27, kwa hiyo limbu za 24 kwako ni kama 22, na upinde wa inchi 66 au 68 utakutosha.

Hela yako iweke kwenye raiza, ile sehemu ya katikati unayoshika. Chukua ya inchi 25 yenye mfumo wa kuunganishia limbu uitwao ILF, manake limbu za kampuni karibu zote zinaingia, na boliti zake zinakuruhusu kupandisha au kushusha uzito kidogo. Limbu nunua za bei rahisi kabisa, au ukodi klabuni kama zipo, kwa sababu utazibadilisha ukishapata nguvu.

Angalia pia jicho lako lenye nguvu. Tengeneza kitundu kwa viganja, tazama kitu cha mbali, funga jicho moja moja; lile linaloendelea kukiona ndo lenyewe. Likiwa la kulia, chukua upinde wa kulia, ambao unashikwa kwa mkono wa kushoto.

Usisahau kinga ya mkono, kinga ya vidole, na kamba ya kuvishia ugwe, kuvisha kwa kukanyaga kwa mguu kunaweza kupindisha limbu upande. Mishale iwe ya mwisho, ukishajua paundi zako, na usiikate fupi, maana mgeni akishajifunza kufungua kifua na mabega mvuto unaongezeka, na mshale mfupi unaweza kudondoka nyuma ya kishikio chake ukakuchoma mkono.