Mzee Akianza Kusahau, Msikimbilie Kuuza Shamba

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa kila kliniki na wanaouguza wazazi wao hapa Malindi.

Dimensia ni nini?
Ni ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, fikra na tabia mpaka mtu ashindwe kujitegemea. Presha na sukari zisizotibiwa huuchochea.

Si ni uzee tu?
Hapana. Kusahau alikoweka miwani, sawa. Kupotea njia ya msikiti aliousali maisha yake yote, au kutia chumvi kwenye chai na kuapa ni sukari, huo ni ugonjwa. Tena wapo wanaosahau kwa sababu ya upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo au sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, mambo yanayotibika. Nyinyi mko nyumbani mnasema uzee!

Tulianza kwa mganga. Kuna ubaya?
Mmemlipa kiasi gani? Kuku, mbuzi, kisha minazi inawekwa rehani, na mgonjwa analetwa kwetu hana hata karatasi moja ya daktari. Kisomo na dua sikatazi, havimzuii mtu kuja hospitali. Ninachokataa ni kungoja. Na huku kwetu Kilifi wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mama anayezurura usiku akijisemea peke yake mnamwacha kwenye hatari hiyo kwa kukosa jina la ugonjwa wake. Hospitali kwanza. Si baada ya mganga wa tatu. Kwanza.

Serikali inatoa msaada gani?
Mpango wa serikali uitwao Inua Jamii hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mwenye miaka 70 na zaidi asiye na pensheni. Muulizeni chifu au ofisi ya maendeleo ya jamii lini wanaandikisha, na mlezi aandikishwe wa kumpokelea. Aliye chini ya miaka 70 lakini anahitaji kuangaliwa saa zote anaweza kuombewa kupitia mpango wa wenye ulemavu mkubwa, kiasi ni hicho hicho. Hapo ndipo karatasi ya daktari inapotakiwa, ile mliyoikosa mkizunguka kwa waganga.
Mwandikisheni pia SHA, bima ya afya ya serikali. Zahanati na vituo vya afya huhudumia waliosajiliwa bila malipo. Matibabu ya hospitali kubwa yanataka mchango uwe umelipwa, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Zile 2,000 za Inua Jamii hazitoshi pampasi, najua. Leso kuukuu zilizokunjwa na kufuliwa vizuri zinasaidia mchana.

Nimeacha kazi nimuuguze mama. Ndugu zangu wanatuma "pole" tu.
Waite kikao, hata kwa simu. Andikeni nani analipa SHA, nani dawa, nani anakuja kulala Ijumaa nawe upumzike. Mshahara uliouacha nao uandikwe. Huo ni mchango wako, usione haya kuutaja.

Tumwekeshe kidole kwenye hati ya shamba kabla hajazidiwa?
Akiwa bado anaelewa, nendeni naye kwa wakili, aseme mwenyewe anachotaka. Akishapotewa, kumshika kidole na kukigandamiza kwenye wino ni wizi, hata akifanya mtoto wake. Wakati huo njia ni kuiomba mahakama imteue msimamizi wa mali yake.

Tumlete lini?
Wiki hii. Mje na kitambulisho chake na dawa zote anazomeza, za mganga zikiwemo.