DMA: kwa nini kifaa hudai kumbukumbu iliyofuatana

Mfanyabiashara wa Kariakoo amekodi fremu nne kwenye jengo moja: namba 3, 17, 29 na 40. Yeye hahangaiki, maana msimamizi wa jengo ana daftari linaloonyesha ipi ni stoo yake ya kwanza na ipi ya mwisho. Fuso likija na marobota ya vitenge, makuli hawana daftari. Wameambiwa tu: anzeni mlango namba 3, jazeni stoo nne. Watajaza 3, 4, 5 na 6, na mwenye fremu namba 4 atakuta bidhaa zake zimefukiwa.

Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, hugawa RAM (kumbukumbu ya kompyuta) kwa kurasa, mara nyingi za baiti 4,096 kila moja, popote penye nafasi. Daftari la prosesa, yaani jedwali la kurasa, huzifanya zionekane zimepangana. Lakini kadi ya mtandao au kamera huandika kwenye RAM yenyewe bila kupitia prosesa, na huko ndiko kuitwako DMA (direct memory access). Kifaa cha kawaida hupewa anwani ya mwanzo na urefu, basi.

Hapo ndipo kazi ilipo. Kompyuta iliyowaka wiki nzima yaweza kuwa na gigabaiti mbili wazi na bado ikakosa megabaiti nane zinazofuatana. Ndiyo maana draiva nyingi (programu zinazoendesha vifaa) huchukua sehemu yao mapema. Kerneli ya Linux iliongeza CMA (contiguous memory allocator, mgawaji wa kumbukumbu iliyofuatana) mwaka 2012, toleo 3.5: eneo hutengwa tangu kuwaka, kurasa zinazohamishika huruhusiwa kulikaa, na kifaa kikilitaka huondolewa. (Mpangaji wa Dar anaijua notisi ya aina hii, ila hapa unatafutiwa pengine kwanza.)

Vifaa vingine havifiki mbali: vya ISA, njia ya zamani ya kuunganisha kadi, viliishia megabaiti 16 za mwanzo, vya anwani za biti 32 huishia gigabaiti 4.

IOMMU, sehemu inayotafsiri anwani kati ya kifaa na RAM, huwapa makuli daftari lao, na huwazuia kufungua mlango usiowahusu. Si kila bodi ndogo inayo. Kwa hiyo ukiandika draiva ya Linux, omba kumbukumbu ya kifaa kwa fanksheni ya dma_alloc_coherent. Fanksheni nyingine, vmalloc, hukupa kurasa zinazofuatana kwenye daftari la prosesa tu. Kwenye RAM huenda ni 3, 17, 29 na 40.