Nati ya tairi haikazwi kwa kupanda juu ya bomba

Hapa Mwanza, kuanzia Nyakato hadi Igoma, utaambiwa nati ya tairi ikazwe mpaka igome, ikibidi fundi apande juu ya bomba aliloongezea spana. Sivyo. Stadi, yaani ile skrubu inayotoka kwenye habu na kupokea nati, hubana rimu kwa kuvutika kidogo, kama springi. Ikivutwa kupita kiasi hairudi, na siku moja hukatika barabarani. Toyota nyingi ndogo zinataka nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 103 tu. Mtu wa kilo 70 akisimama mwisho wa bomba la mita moja anaweka karibu 690!

Kujua kama stadi imeshavutwa kupita kiasi, fungua nati, safisha meno ya stadi kwa brashi, izungushe kwa vidole. Ikikwama katikati, laza stadi mpya kando ya ile ya zamani: meno yasipolingana, imerefuka. Badilisha stadi na nati yake. Kupaka meno grisi (ushauri ninaousikia kila mara) hufanya tu stadi ivutwe zaidi nati inapokazwa.