Je, wajua? Diski ikikuambia "nifomati", haijakuambia kuwa mafaili yamepotea

Unachomeka diski ya nje kwenye kompyuta, taa yake ndogo inawaka, unasubiri. Badala ya folda zako, Windows inakuletea kijisanduku: diski hii lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, je, unataka kuifomati? Ukikataa kinakuja cha pili: diski haifikiki. Sasa mafaili yako yako wapi muda huo?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa "hayapo tena", na nililitoa kwa kujiamini. Nilidhani kompyuta imeshaipekua diski nzima, imeikuta tupu, na sasa inaomba ruhusa ya kuanza upya. Mdogo wangu anapiga picha za harusi. Siku aliyoniletea diski yake ya terabaiti 1, yenye kazi za miezi minane, nilimwambia ashukuru Mungu kwamba maharusi wengi wameshachukua albamu zao. Diski ikalala kabatini karibu mwaka mzima.

Nilikosea mara tatu katika sentensi moja. Kosa la kwanza: kompyuta haikuwa imepekua chochote. Ilichosoma ni kipande cha mwanzo kabisa cha eneo la kuhifadhia, sekta moja, ambayo kwa kawaida ni baiti 512. Diski ya terabaiti 1 ina takriban bilioni 2 za sekta za ukubwa huo. Hiyo moja isiposomeka, au maandishi yake yakiwa hayaeleweki, Windows inaishia hapo hapo. Ni kama mgeni aliyefika mlangoni, akakuta namba ya nyumba imefutika, akarudi barazani kutangaza kwamba wenyeji wamehama.

Kosa la pili: nililichukulia pendekezo la kufomati kama ushauri wa daktari. Kile kijisanduku kina dawa moja tu, na kinaitoa kwa kila mgonjwa. Chomeka diski nzima kabisa iliyotayarishwa kwa ajili ya Mac au Linux, na mara nyingi Windows itakuomba uifomati vilevile. Diski haina tatizo lolote. Inasema lugha ambayo mwenyeji wake haijui.

Kosa la tatu ndilo kubwa, nalo linahusu faili hasa ni nini. Hapa Kiswahili kimetupendelea, maana neno hilo hilo tunalitumia masijala. Aliyewahi kufuatilia faili lake katika ofisi ya serikali anaijua picha: chumba cha rafu ndefu, karani mlangoni, na mezani kwake rejista kubwa. Wewe huingii kwenye rafu. Unataja jina, karani anapekua rejista, anaona rafu ya 14, sehemu ya 3, anakwenda kuchukua. Rejista ikiliwa na mchwa, karani atakuambia faili halipo, na hasemi uongo kwa jinsi kazi yake ilivyo. Lakini rafu ya 14 haijaguswa.

Diski imepangwa hivyo hivyo. Kwenye mfumo wa NTFS, ambao Windows inautumia sana, rejista ni jedwali kuu linaloitwa MFT. Mifumo mingine, kama FAT32 na exFAT, ina majedwali yake. Kila mstari unataja jina, ukubwa, tarehe na sekta ambamo faili limewekwa. Folda unazoziona kwenye skrini ni mistari ya rejista iliyopambwa. Picha zenyewe ziko mbali na hapo, na hazijui kwamba ziko ndani ya folda.

Ukiishika picha hiyo, mambo mengi ya ajabu yanaeleweka. Kufuta faili kwenye FAT ni karani kuweka alama juu ya herufi ya kwanza ya jina na kutangaza kwamba rafu ile sasa ina nafasi. Kufomati haraka ni kumpa karani rejista mpya isiyo na maandishi. Rafu zimejaa kama jana, ila yeye anaamini ofisi ndiyo kwanza inafunguliwa, na faili jipya lolote atalibandika juu ya la zamani bila kuuliza. Ndiyo maana unaambiwa usiandike chochote kwenye diski yenye matatizo. Ila hapa pana tahadhari: tangu Windows Vista, ufomati kamili, ule wa polepole, huandika sifuri kwenye diski nzima. Huo unachoma rafu zenyewe.

Sasa rejista imeharibika, tufanyeje? Njia ya kwanza ni kutafuta nakala yake. Waliobuni mifumo hii walikuwa watu wenye wasiwasi, Mungu awajalie. NTFS huweka nakala ya ile sekta ya mwanzo katika sekta ya mwisho kabisa ya eneo lake. FAT32 kwa kawaida huiweka kwenye sekta ya 6, na hutunza majedwali mawili yanayofanana. Programu ya TestDisk, inayopatikana bure, hutafuta nakala hizo na kuzirejesha. Ikifaulu, folda zinarudi na majina yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Njia ya pili ni kumwacha karani na kuingia kwenye rafu mwenyewe. Utajuaje faili lipi ni lipi bila rejista? Kama unavyojua barua inatoka wapi kabla hujaisoma, kwa kutazama kichwa chake. Picha ya JPEG huanza na baiti tatu zilezile, FF D8 FF, iwe imepigwa Lamu au Bujumbura. PDF huanza na alama ya asilimia ikifuatiwa na herufi PDF. PhotoRec, ndugu yake TestDisk na kazi ya mtu yule yule, Christophe Grenier, hupita sekta kwa sekta ikitafuta vichwa hivyo, na kila inapokikuta inanyofoa kinachofuata.

Njia hii ina bei. Majina hayarudi, wala folda, kwa sababu vilikuwa kwenye rejista, na rejista haipo. Tena faili kubwa halikai lazima mahali pamoja: karani asipopata nafasi ya kutosha, hugawa kurasa, nyingine rafu ya 14, nyingine rafu ya 90, na ni yeye pekee aliyejua mpangilio. Picha ndogo huokoka kwa urahisi. Video ndefu zinaweza kurudi zimekatika katikati ya ngoma.

Yote haya ni kama chuma chenyewe ni kizima. Diski isiyoonekana kabisa, au inayogonga tk, tk, tk, ni habari nyingine, ingawa usianze na kilio. Jaribu waya mwingine na tundu jingine kwanza. Kwa kanuni, USB ya toleo la 2 hutoa miliampea 500, na diski inapoanza kuzunguka inaweza kudai karibu mara mbili ya hapo. Umeme mdogo nao hutoa mlio wa kutisha.

Mlio ukibaki, zima. Kichwa cha kusomea huelea nanomita chache tu juu ya sahani inayozunguka, wakati unywele wako una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kikishaanza kukwaruza, kila dakika ya "ngoja nijaribu tena" inakula rafu zenyewe. Na lile shauri la kuweka diski kwenye friza, karibu na samaki, lilizaliwa enzi za diski ambazo sehemu zake zilikuwa zikigandana. Kwa diski ya leo unachopata zaidi ni umande juu ya sahani.

Diski inayosoma kwa shida bila kugonga, kwanza inakiliwa nzima kwenye diski nyingine, na uokoaji unafanyika kwenye nakala. Programu ya ddrescue hubeba sehemu zinazosomeka kirahisi, kisha hurudi kwenye zilizo ngumu, kama watu wanaookoa masijala inayovuja: makasha makavu yanatoka kwanza. Usianze na chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Kazi yake ni kuisawazisha rejista, na mstari usioeleweka inaweza kuufuta ili hesabu ikae sawa.

Kuna diski moja inayonifurahisha kila nikiikumbuka. Chombo cha angani Columbia kilisambaratika juu ya Texas Februari 1, 2003, kikiwa kwenye kimo cha kilomita 60 hivi, na wanaanga wote saba wakafariki. Katika mabaki yake ilipatikana diski iliyoungua, yenye data za jaribio kuhusu gesi ya zenoni. Wataalamu wa kampuni ya Kroll Ontrack wakapata takriban asilimia 99 ya data hizo, na matokeo ya jaribio yakachapishwa mwaka 2008. Sehemu ya bahati ilikuwa kwamba kompyuta yake ilitumia DOS, mfumo mkongwe ambao haukuwa umetawanya data huku na kule. Lakini diski nyingine mbili za chombo hicho hicho hazikutoa kitu, kwa hiyo nisisikike kama nauza muujiza. Na diski za aina ya SSD, zile zisizo na sahani inayozunguka, zina tabia mbaya zaidi: nyingi, baada ya kufuta, husafisha zenyewe nafasi zilizoachwa.

Diski ya mdogo wangu ilikuwa na sekta ya mwanzo mbovu, na jedwali lake limeharibika vibaya. Fundi aliinakili, akaipitishia PhotoRec, akarudisha maelfu ya picha zenye majina kama f1048576.jpg, harusi zote zimechanganyika na kadi za mialiko na nembo za tovuti. Tulizipanga mimi na yeye kwa wikendi mbili, kwa rangi ya sare za kamati. Hadi leo tuna folda moja inayoitwa "zambarau", kwa kuwa miezi ile harusi tatu zilichagua zambarau, na mwenye shangazi mmoja anayeonekana pichani ameanguka akicheza hatujampata.